Vijidudu Hai Katika Kibofu cha Papa Kambale

Vijana wangu, nimechoka, na nalisema hilo mapema ili mtu asije akalalamika kwamba bibi huyu hana raha. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Nimekaa hapa Rukoki, magharibi mwa Uganda, na migomba yangu na mbuzi wawili wasio na adabu, na asubuhi nikiamka bado mkono unakwenda kifuani kutafuta ile saa ya kubandika ya wauguzi, ambayo sina tena. Kwa hiyo mtakaposoma mahali nimenung'unika, mjue ni mazoea tu.

Binti wa jirani yangu anasoma chuo, sayansi ya viumbe vidogo. Juzi juzi alinijia na habari motomoto. Akaniambia siku hizi wataalamu wanachukua bakteria, wanakata na kuunga vinasaba vyake, kisha wanampa kazi aingie mwilini mwa mgonjwa wa kansa, ajifiche kwenye uvimbe, na aite askari wa mwili waje wapigane, hata kule kansa ilikokwisha kusambaa. Akaniuliza kama mtu wa umri wangu anaweza kuamini jambo hilo. Nikamwambia naamini, mwanangu, kwa sababu nimewahi kubeba vijidudu vya ukoo huo ndani ya boksi la barafu kutoka Kasese hadi Bwera, ingawa vyangu vilikuwa vya kizamani, havikukatwa wala kuungwa. Alinitazama kama niliyesema nimewahi kuendesha ndege. Ndipo nikaona niandike, kwa ajili yake na yenu nyote mtakaovitengeneza vijidudu hivyo vipya na mtakaovipeleka kwa wagonjwa.

Nianze na friji, maana nusu ya maisha yangu nimeyamaliza mbele ya friji.

Nilikuwa muuguzi katika hospitali ya misheni upande wa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Sitaitaja jina, haina kosa lolote katika habari hii. Miaka mingi nilikuwa wa chanjo za watoto, na aliyenifundisha baridi alikuwa Mzee Thembo, fundi wa mafriji ya chanjo wilayani, aliyekaa Kasese mjini na kuzunguka kwa pikipiki. Zamani alikuwa dereva jeshini. Jeshi alikuwa ameliacha, lakini Kiswahili cha jeshi hakikumwacha. Kila mtu alikuwa afande, kuanzia mganga mkuu hadi mama wa kufagia, na kila mtu aligombezwa sawasawa.

"Wewe, Sista Biira, funga hiyo mlango. Hapa hapana soko."

"Natafuta BCG, mzee."

"Unatafuta na macho? Kwanza fikiri. Halafu fungua. Halafu toa. Halafu funga. Hiyo kitu ndani iko hai, inalala tu. Ukipiga yeye na joto, anakufa, na wewe unadunga mtoto maji."

BCG ni chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu begani. Nyinyi mnalijua kovu, lakini wengi hamjui kwamba ndani ya kichupa kile mna kijidudu kizima, ndugu wa kijidudu cha kifua kikuu. Kililelewa maabara kizazi baada ya kizazi mpaka kikasahau ukali wake. Jua linakiua, joto linakiua. Hata mwanga wa dirishani, kikikaa nao sana, unakiua. Thembo alikilinda kuliko alivyolinda pikipiki yake.

Siku moja alikuja kukagua akakuta samaki wa Katwe kwenye friji ya chanjo, mzima, amefungwa kwenye gazeti. Alikuwa wa mhasibu wetu. Thembo hakupiga kelele. Alimshika yule samaki mkiani, akapita naye katikati ya wodi ya kina mama, maji yakidondoka, hadi ofisini, akamlaza juu ya meza. "Afande," akasema, "huyu mgonjwa yako amemaliza chanjo yote. Sasa apewe ruhusa aende nyumbani." Mhasibu alikasirika wiki nzima, lakini friji ile haikuona samaki tena.

Mtu wa kazi yetu anafundishwa kuua vijidudu tangu siku ya kwanza. Tunachemsha, tunamwaga jiki, tunapangusa kwa spiriti. Mkono unazoea hata ukilala. Halafu unapewa BCG, na ukipangusa bega la mtoto kwa spiriti ukadunga hapo hapo pakiwa bado pabichi, umeua ulichotaka kukiweka. Tuliwahi kupata muuguzi mgeni, msafi kupita kiasi, aliyepangusa mabega yote ya watoto wa Karusandara namna hiyo. Baadaye kina mama walirudi wakiuliza mbona watoto wao hawana alama. Na wale ambao watoto wao walipata alama walikuja wakilia kwamba bega limefura, lina usaha, na wameshavunja kapsuli ya antibayotiki na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Nimeshinda miaka nikieleza maneno yale yale, kwamba ule uvimbe si ajali, mwili umestuka na unafanya kazi, kiacheni kidonda kipone chenyewe. Waliitikia vizuri sana, kisha wakaenda kununua kapsuli nyingine.

Sasa nije kwa Papa Kambale; papa kwa Wakongo ni baba, na Kambale ni jina la mtu, si samaki. Hilo si jina lake, ingawa ukisimama katikati ya soko la Mpondwe ukaita Kambale, nusu ya wanaume watageuka.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi na kitu. Papa Kambale alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, Kongo, amehamia upande wetu wa mpaka zamani, anauza vitenge na mafuta ya mawese. Mtu mkubwa, Mkatoliki wa kwaya, mwenye sauti nene hivi kwamba akikohoa kwenye foleni wagonjwa wanampisha. Alianza kukojoa damu. Alikwenda Kampala, daktari wa mambo ya mkojo akaingiza kamera, akakwangua uvimbe kibofuni, na majibu yakasema kansa, ya aina kali, ila bado ilikuwa kwenye ngozi ya ndani tu. Haijazama kwenye nyama. Daktari alimwambia wazi kwamba ikizama itatembea, itakwenda kwenye mifupa na mapafu, na hapo hakuna mtu wa kuikimbiza. Kabla ya hapo kulikuwa na njia mbili. Kutoa kibofu chote na kuvaa mfuko wa mkojo tumboni, au kujaribu BCG.

Ndiyo, BCG yetu ya watoto, ila nyingi zaidi mno na ya kutengenezwa kwa kazi hiyo. Inamiminwa moja kwa moja kibofuni, mara moja kwa wiki, wiki sita. Na msifikiri kijidudu chenyewe ndicho kinachoila kansa. Kansa inakaa kimya, askari wa mwili wanapita karibu nayo kama wanavyompita jirani. Kijidudu kikiingia ni kama mtu amepiga yowe kijijini usiku wa wizi. Watu wote wanatoka na fimbo kumtafuta mgeni, na kwa kuwa wameshatoka na wana hasira, wanamwona na yule mwizi wa siku zote. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Ninyi mnataka kupiga yowe kwa ufundi zaidi, nami nawaombea.

Papa Kambale hakuweza kukaa Kampala wiki zote zile, duka lingekufa. Daktari akaniita, akanipa mafunzo yeye na muuguzi wake, tukakubaliana nitampa dawa Bwera. Vichupa vilikuwa haba, si Uganda tu. Tulipata sita, vikaja kwa basi hadi Kasese ndani ya boksi la barafu, nami nikavipokea na kuvileta kwa gari la hospitali nikiwa nimelikumbatia boksi mapajani. Thembo, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, alikuja kuangalia friji kwa hiari yake. Alipoambiwa vijidudu vile vinakwenda kwenye kibofu cha mzee mzima, aliupangusa mlango wa friji mara mbili, akasahau hata kunigombeza.

Kazi yenyewe haina fahari. Unavaa barakoa, glavu na aproni, unachanganya dawa taratibu, unaingiza mpira wa mkojo, unamimina, unautoa mpira. Kisha mgonjwa anabana kwa muda wa saa mbili, akigeuzwa kila mara, ubavu huu, ubavu ule, kifudifudi, chali, ili dawa ifike pembe zote. Nilimgeuza Papa Kambale kama chapati. Baada ya hapo anakwenda chooni, anakojoa akiwa amekaa, ili dawa isiruke huku na huku, nasi tunamwaga jiki juu ya mkojo huo. Kukaa ndiko kulikomuumiza kuliko mpira.

"Sista, mimi baba ya batoto saba. Nikae kama mama?"

"Ukae, papa. Hakuna mtu anakuona."

"Mungu iko anaona."

"Yeye amezoea."

Alicheka mpaka nikaogopa dawa itamwagika.

Mke wake, Mama Masika, alimsindikiza kila wiki. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa mikono, na alikaa kwenye benchi nje akiwa na chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. Chumbani hakuingia. Mume ndiye aliyekataa, na wala haikuwa kwa sababu ya aibu ya mwili kama nilivyodhani mwanzo.

"Sista, mama asijue jina ya hii ugonjwa," aliniambia siku ya kwanza. "Akisikia kansa, ataanza kunililia sasa hivi, kama nimeshakufa. Nilimwambia iko infeksho ya mukojo tu, banaiosha."

Nikamwambia kwamba uongo mimi sisemi, lakini siri ni yake, sitaitoa. Ndivyo sheria ya kazi yetu ilivyo, na hata leo naiona ni sheria nzuri, ingawa ina uzito wake. Basi ndani ya chumba palikuwa na ugonjwa mmoja, na nje kwenye benchi palikuwa na mwingine.

Daktari alikuwa ameshamkataza kwa maneno makali, nami nikarudia: asimeze antibayotiki yoyote bila kutupigia simu, kwa sababu nyingine zinaua vijidudu vyetu. Papa Kambale alisema ndiyo, amesikia, hamezi. Na alikuwa anasema kweli kama alivyoijua.

Wiki ya kwanza hakuona kitu. Ya pili, mkojo ukamchoma kidogo. Alipokuja kupata ya tatu alikuwa amekunja uso, anasema anakojoa moto, ana homa ya jioni, anaamka kila mara. Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilimwambia kwamba huko kuungua ndiko tulikokungoja, askari wamefika. Akaniambia kama askari wamefika, basi wamefika na mapanga.

Wiki ya nne alikuja anatabasamu. Analala vizuri, hachomeki tena. Wiki ya tano vilevile, na alikuwa ameanza tena kuimba kwaya. Watu wa wodi walimpongeza. Mimi roho haikutulia. Katika dawa hii, kila wiki moto huwa unaongezeka, hauzimiki hivyo. Nilimpigia daktari, akasema miili haifanani, tuendelee. Nikaendelea, nikamimina ya tano, nikamlaza ubavu wa kushoto, nikatoka nje kupumua.

Hapo niwape neno moja la bure, ninyi wauguzi wachanga. Msibane mkojo kazini. Sisi tulibana zamu nzima, tukawa tunawahubiria wagonjwa kunywa maji huku wenyewe tunaungua. Siku ile nilikuwa naungua, na nilikuwa nimemlalamikia mwenzangu mlangoni. Mama Masika alisikia. Alinivuta pembeni, akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake, akatoa kipande cha pakiti ya vidonge vyeupe.

"Sista, nasikia na weye mukojo inakuunguza. Kamata. Hii kinini iko muzuri sana. Njo nilimupa bwana yangu, na unaona vile amepona."

Kinini kwao ni kidonge chochote, na hivi nilivitambua kabla hajanipa. Ilikuwa sipro, antibayotiki ile wanayouza kila duka la dawa kuanzia Mpondwe hadi Kasese kwa kila anayesema mkojo unamchoma.

"Umempa lini, mama?"

"Tangu ile wiki alilia. Asubui na mangaribi. Hata leo asubui amekunywa."

Alisema hivyo kwa uso wa mtu aliyefanya vizuri, na kwa kila alichokijua alikuwa amefanya vizuri. Aliambiwa ni infeksho, akanunua dawa ya infeksho. Alimwona mumewe analia, naye akatafuta cha kumnyamazisha. Nilivipokea vile vidonge nikashukuru. Nilikaa naye pale kwenye benchi kidogo, kisha nikarudi ndani.

Papa Kambale alikuwa amejigeuza kifudifudi nilipoingia. Nilimwonyesha vidonge. Hakuvijua kwa jina.

"Hii nyeupe? Mama alisema iko ya kutuliza maumivu."

"Hukuuliza?"

"Nimuulize nini? Miaka yote hii dawa inatoka kwa mukono yake. Chakula inatoka kwa mukono yake. Mimi nafungua kinywa tu."

Na ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za huku, msijifanye hamjui. Mwanaume anajua bei ya mawese Butembo na Kasese, lakini kidonge anachomeza ameletewa na mke kwenye kiganja, na maji kwenye kikombe. Daktari alikuwa amemkataza mtu ambaye nyumbani kwake hakuwahi kushika dawa. Aliyezishika alikuwa kwenye benchi nje, na hakuna aliyemkataza.

Nikamweleza. Vijidudu vya wiki ya tatu na ya nne huenda vilikufa. Vya leo vimemkuta ana sipro kwenye damu. Kimebaki kichupa kimoja. Alisikiliza bila kugeuka, shavu limekandamizwa kwenye mto.

"Ile infeksho," akasema mwishowe, "niliitunga mimi."

"Ndiyo, papa."

"Sista, mama asijue kama kinini yake iliharibu. Naomba. Hata nikikufa. Nitabeba kansa, sitabeba hiyo."

Nilimwambia nitanyamaza, kwa sharti moja tu, kwamba jina la ugonjwa atamwambia yeye mwenyewe, leo hii, kwa sababu mimi sitaweza kumzuia mama yule kununua dawa kwa kumwambia siri nusu. Alikubali. Alipomaliza saa zake na kukojoa, akajikokota hadi kwenye benchi. Niliwaona kupitia dirishani. Nilitazamia kilio kile alichokuwa anakiogopa. Mama Masika hakulia. Alimpiga bega kwa kiganja, kwa nguvu kabisa, mara moja. Kisha akafungua chupa akammiminia chai.

Baadaye alikuja kwangu peke yake. Mume alikuwa amemwambia kwamba daktari amekataza vidonge vyote kwa ajili ya figo.

"Zile kinini zimeharibu figo yake, Sista?"

"Hapana, mama. Figo yake ni nzima."

Hilo lilikuwa kweli, nami nililishikilia.

Nilimpigia daktari wa Kampala nikamweleza yote. Hakugombeza mtu. Akasema tungoje wiki mbili sipro iishe mwilini, kisha tumpe kile cha mwisho, na kwamba amepiga simu hadi Nairobi, kingine hakipo. Basi nikawa mlinzi wa kichupa kimoja. Na kama ilivyo kawaida ya kwetu, wiki hiyo hiyo mvua za milimani zikaangusha nguzo, umeme ukakatika. Mafuta ya jenereta yalikuwa ya chumba cha upasuaji. Thembo aliletwa kwa bodaboda, akaifunika friji ile kwa magodoro, akakaa kwenye kiti mlangoni na kukataza mtu yeyote kuifungua, mimi nikiwa wa kwanza. "Hata wewe, afande. Unataka kuona nini? Iko ndani. Acha ilale." Umeme uliporudi kipimajoto cha friji kilikuwa bado kinaonyesha baridi ile ile. Nilimkumbatia yule mzee, naye akaniambia nimwachilie, nanuka jiki.

Kichupa cha sita kiliingia kikiwa hai, hilo naweza kuliapia. Moto ukarudi. Mama Masika alinisimulia jinsi usiku ule ulivyokuwa. Papa alikuwa ananguruma, anang'ata mto, anatetemeka kwa homa, naye ana kitambaa cha maji na mikono haina kazi nyingine. Kulipokucha alitoka, akatembea hadi duka la dawa, akafika mlangoni, muuzaji akamwuliza anataka nini. Akasema hataki kitu, akarudi. Nikawaza kwamba sijawahi kumpa mgonjwa yeyote dawa ngumu kama ile aliyoimeza mama yule pale mlangoni.

Kamera iliporudi ndani, kansa ilikuwepo, na safari hii imezama kwenye nyama. Daktari alimshauri akatwe kibofu. Papa Kambale alikataa, akasema amechoka, na mfuko wa mkojo hautamruhusu kusimama kwaya. Mama alimbembeleza, mapadri walimbembeleza, mimi nilimbembeleza mpaka tukakosana. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imefika mgongoni, kisha kifuani. Ile sauti ilikonda kabla ya mwili.

Nilimwuliza daktari, kama mtakavyotaka kuniuliza ninyi, je, bila ile sipro angepona? Akasema hajui. Kuna watu dawa hii haiwasaidii hata ikienda bila dosari, na kuna wanaopona. Alisema angependa kuwa na jibu lingine, nami pia.

Basi nawaambia, nikiwa nimechoka hivi hivi. Vitengenezeni vijidudu vyenu. Vikateni, viungeni, vifundisheni kuwinda kansa mpaka kwenye ini na mifupa. Lakini vikifika Bwera vitafika kwenye nyumba ya mtu, vitamchoma, na mtu mwingine atakuwa amekaa karibu naye asiyeweza kuvumilia kumwona anachomeka. Kabla hamjamimina chochote, ulizeni ni mkono wa nani unaotoa vidonge katika nyumba hiyo, mwiteni aingie ndani, na mgonjwa akikataa, kaeni naye mpaka akubali. Mimi nililinda siri ya mtu kama sheria inavyosema, na ningeilinda tena. Ila ningekaa naye kwanza.

Ahadi niliyompa Papa Kambale nimeitunza kwa muda wote aliokuwa hai mkewe. Mama Masika naye amefariki, salama, kwa uzee, kwao Butembo, ndiyo maana kalamu yangu imefunguka. Alikufa bila kujua. Lakini mara moja nusura nishindwe.

Ilikuwa kwenye kilio cha Papa Kambale, nyumbani kwao Mpondwe, kabla mwili haujavushwa kwenda kuzikwa. Kwaya ilikuwa imemaliza, watu wamekaa kwenye mikeka na mabenchi, na kila mmoja anasimulia kidogo habari za marehemu. Zamu ikafika kwa mjane. Alisimama, akashukuru watu kwa majina, akashukuru hospitali. Kisha akasema kuna kitu kimoja kinachompa nguvu. Katika ugonjwa ule wote, kulikuwa na wiki chache ambazo bwana yake hakulia. Alikula, aliimba, alilala mpaka asubuhi. Na wiki zile, akasema, ni yeye aliyempa, kwa mkono wake, kwa dawa aliyoitafuta mwenyewe.

Watu wakaitikia kwa sauti ya chini. Akageuka, akanitafuta kati ya wanawake mpaka macho yetu yakakutana.

"Si njo hivyo, Sista? Weye ulimuona. Si alilala?"

Kila mtu alinitazama.

"Ndiyo, Mama Masika," nikamwambia. "Alilala."